Ardhi ya Bure

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ameishi Nebraska miaka kumi na moja. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Lincoln. Nilipomtembelea, jambo la kwanza kunifundisha lilikuwa kuhesabu maili bila kutazama dashibodi.

"Angalia njia za changarawe zinazokatiza, kaka," alisema huku ameshika usukani. "Ukipita moja, maili moja. Ukipita ya pili, maili mbili. Hata ukisinzia njiani, ukiamka unaendelea na hesabu."

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, mahindi yameanza kukauka mabua. Tulikuwa tumeiacha barabara kuu na kushika njia ya wilaya kuelekea kusini, mji wa Beatrice. Nikahesabu. Njia zilikuja moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi, kila moja imenyooka mashariki na magharibi hadi macho yanapoishia. Mara gari likapunguza mwendo. Njia yetu ikakata upande ghafla, ikaenda hatua kadhaa, ikakata tena, ikanyooka kusini kama mwanzo. Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mto wala kilima, wala nyumba ya mkubwa yeyote ya kuzungukwa.

"Hapa watu wanapinduka usiku," alisema. "Sijui kwa nini waliweka kona."

Mimi nimezaliwa Marangu, Tanzania. Kwetu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, unafuata mfongo wa maji au ukingo wa korongo, na pasipo na kimojawapo wazee hupanda mimea ya masale. Mtu akitaka kujua shamba limeishia wapi, anatazama ardhi yenyewe imwambie. Huku Nebraska ardhi ilikuwa haisemi kitu. Mistari ilikuwa imekuja kutoka mahali pengine.

Jibu la kona tulilipata siku ile ile, katika hifadhi ya taifa ya kihistoria iliyo nje kidogo ya Beatrice. Imejengwa mahali ambapo mtu mmoja, Daniel Freeman, alichukua ekari 160 tarehe 1 Januari 1863, siku ya kwanza ya kutumika kwa sheria ya makazi ambayo Rais Abraham Lincoln alikuwa ameisaini Mei 1862. Inasimuliwa kwamba alimsihi karani amfungulie ofisi ya ardhi saa sita usiku ikishapita tu, kwa sababu asubuhi alitakiwa kurudi jeshini.

Mhifadhi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye kofia pana, alianza na eneo la kuegesha magari. "Hapa mliposimamisha gari ni ekari moja kamili," alisema. "Tulilipima hivyo makusudi. Sasa fikirini 160 za namna hii."

Akatueleza chanzo cha mistari. Mwaka 1785, taifa likiwa bado changa na halina fedha, bunge liliamua kwamba ardhi ya magharibi ipimwe kwanza, kisha igawanywe. Kila kitongoji kikawa mraba wa maili 6 kwa 6, ndani yake miraba 36 ya maili moja moja, na kila mraba una ekari 640. Robo yake ni ekari 160. Hapa Nebraska wapimaji walianzia kwenye mpaka wa Kansas katika miaka ya 1850, wakatembea na minyororo yao wakiweka alama, na njia nyingi za changarawe zilikuja kufuata mistari yao. Lakini dunia ni mviringo. Mistari ya kwenda kaskazini hukaribiana kadiri unavyopanda, na miraba inaanza kubanana. Kwa hiyo kila baada ya maili 24 walisimama, wakapima upya, wakasogeza mistari. Barabara iliyojengwa juu ya mstari inapofika hapo hulazimika kuruka upande.

"Kumbe ndiyo ile kona!" mdogo wangu alipaza sauti, na wageni wengine wakageuka.

Masharti ya sheria ile yalikuwa mepesi kusikia. Mwombaji awe na umri wa miaka 21 au awe kiongozi wa kaya, awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, na asiwe amewahi kuishikia Marekani silaha. Alipe ada zisizozidi dola 18 kwa jumla, ajenge nyumba, alime, akae miaka mitano, kisha apewe hatimiliki. Wanawake wasio na waume waliruhusiwa, jambo lisilo la kawaida wakati ule. Watu waliotoka utumwani nao waliingia, hasa baada ya uraia wao kuandikwa katika katiba mwaka 1868. Wajanja hawakukosekana: wasimulizi hupenda kutaja watu waliojenga kijumba cha inchi 12 kwa 14, kisha wakaapa mbele ya karani kwamba wana nyumba ya "12 kwa 14."

Nje ya jengo kuna ukuta wa majimbo 30, kila jimbo limekatwa kwa chuma kwa umbo lake. Katikati ya kila bamba kuna tundu la mraba linaloonyesha sehemu ya jimbo iliyogawiwa kwa sheria ile. Tundu la Nebraska ni kubwa, unaona mbuga upande wa pili. Jumla yote ilifikia ekari milioni 270, takriban sehemu moja ya kumi ya nchi nzima, na waliomaliza miaka yao na kupata hati ni milioni 1.6. Sheria ilidumu hadi 1976, na Alaska hadi 1986. Mtafiti Trina Williams Shanks alikadiria kwamba Wamarekani watu wazima wapatao milioni 46 ni uzao wa familia hizo. Nilipoisoma hesabu hiyo nilielewa kwamba hatukuwa tunatazama mambo ya kale tu. Shamba la babu liliwekwa rehani, rehani ikamsomesha mtoto, na mtoto akanunua nyumba mjini.

Mhifadhi alikuwa anarudia maneno mawili kwa Kiingereza, "ardhi ya bure." Mdogo wangu akaniinamia. "Bure, kaka?"

Neno letu lina nyuso mbili. Bure ni kile unachopata bila kutoa senti. Bure pia ni jasho lisilolipwa: nimekwenda bure, nimesubiri bure, amekufa bure. Safari yetu iliyobaki, siku tatu na maili zaidi ya elfu moja, tulisafiri na neno hilo ndani ya gari kama abiria wa tatu.

Kwanza tulitaka kujua nani aliilipia ardhi hiyo. Kusini ya Beatrice, kando ya mto Big Blue, palikuwa na eneo walilotengewa watu wa Otoe na Missouria. Mwaka 1854 walikuwa wametia saini mkataba wa kuachia nchi kubwa na kubaki na kipande hicho. Hata jina Nebraska linatokana na maneno yao, maana yake maji yaliyotanda, kwa ajili ya mto Platte. Walowezi walipojaa pande zote, kipande nacho kikakatwa na kuuzwa. Mwaka 1881 wakahamishiwa kusini, na leo makao yao makuu yako Red Rock, Oklahoma. Wakati Freeman anaandikisha ekari zake, mtu wa Otoe aliyezaliwa ukingoni mwa mto ule hakuhesabiwa raia. Wenyeji wa Marekani wote walikuja kutambuliwa kuwa raia mwaka 1924.

Kabla ya kuondoka tulitembea kwenye mbuga ya nyasi ambayo hifadhi imekuwa ikiirudisha tangu 1939. Nyasi zilitupita kimo, zimebadilika rangi kuwa kahawia yenye wekundu. Mizizi yake inashuka zaidi ya mita mbili. Walowezi waliichana kwa plau ya chuma, na pale pasipo na miti wakakata mabamba ya udongo ulioshikwa na mizizi hiyo, wakajengea kuta. Waliita udongo ule marumaru ya Nebraska. Mzaha wa mtu anayelala chini ya paa linalovuja tope nauelewa.

Kesho yake tuliingia Kansas. Baada ya zaidi ya saa tatu za ngano iliyokwisha kuvunwa, kibao kikatuonyesha Nicodemus. Kama mdogo wangu angepiga chafya tungekipita kijiji. Kuna ukumbi wa zamani wa mawe, kanisa, shule ndogo na nyumba chache. Wakazi wa kudumu hawafiki 50. Lakini tangu 1996 ni mahali pa kihistoria pa taifa, kwa sababu kati ya makazi ya Weusi yaliyoanzishwa magharibi mwa mto Mississippi baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kwisha, hiki ni miongoni mwa machache yaliyobaki na watu.

Kilianza mwaka 1877. Mchungaji Mweusi, W. H. Smith, na Mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa viwanja, W. R. Hill, walisambaza vipeperushi huko Kentucky kuwaita watu waliotoka utumwani. Vipeperushi vilisifu udongo, maji na uhuru. Septemba ya mwaka huo walifika watu zaidi ya 300 kwa mkupuo mmoja. Ada ya ardhi ilikuwa ya serikali, ila kampuni iliyoanzisha mji nayo ilidai yake juu.

Willina Hickman, mke wa mchungaji, alifika mwaka uliofuata na akaacha kumbukumbu ya siku hiyo. Watu garini walishangilia kwamba Nicodemus inaonekana. Yeye akatazama asione kitu. Akamwuliza mumewe, naye akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Familia zilikuwa zinaishi mashimoni, kwenye vyumba vilivyochimbwa ubavuni mwa kilima. Alilia. Wengine waligeuza mikokoteni. Yeye alibaki.

Bibi mmoja wa kijiji alitutembeza. Alipogundua tumetoka Tanzania alitukamata mikono yote miwili, akatuuliza kama tumekula, kama bibi wa Marangu. Alitusimulia majira ya baridi ya kwanza: hapakuwa na farasi wa kutosha, mbegu wala chakula. Wazee wake walimwambia kwamba wawindaji wa Osage waliokuwa wakirudi makwao waliwagawia nyama. Nilisimama nikiwaza jambo hilo. Watu walioondolewa kwenye ardhi waliwalisha watu waliopewa ardhi, kwa sababu wote wawili walikuwa wanajua njaa.

Miaka kumi baadaye Nicodemus ilikuwa na maduka, hoteli, magazeti mawili na timu ya besiboli. Mkazi wake mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Kilichobaki kilikuwa reli. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto, maili chache kutoka kijijini, na kituo kikaitwa Bogue. Wenye maduka walifungasha, wengine wakaburuta majengo yao mazima kwenda kuifuata.

"Ardhi tulipata," bibi alisema. "Reli hatukupata."

Nilitaka kuandika kwenye daftari langu kwamba walihangaika bure. Nadhani aliusoma uso wangu. Akaanza kunihesabia: kila mwisho wa Julai, tangu siku za waanzilishi, wazao wa kijiji wanarudi kutoka Denver, Los Angeles, Kansas City. Mahema yanajaa, mtaa mmoja unakuwa mji. "Watoto wanakuja kuonyeshwa wametokea wapi. Nani mwingine wa rangi yetu katika nchi hii anaweza kusimama juu ya shamba lile lile la babu wa babu yake?" Nikafunga daftari.

Kutoka pale tulikwenda kaskazini-magharibi, tukavuka mstari wa longitudo ya 100. John Wesley Powell, mpimaji aliyekuwa na mkono mmoja, aliionya serikali mwaka 1878 kwamba karibu na mstari huo mvua hukoma kutosha, na kwamba ekari 160 za nchi kavu hazitalisha familia. Hawakumsikiliza. Dirishani niliona alivyosema kweli: mahindi yalianza kuwa ya duara, kila duara moja ndani ya mraba wake, yakinyweshwa na bomba refu linalozunguka juu ya magurudumu. Maji yanavutwa kutoka hazina ya Ogallala iliyo chini ya ardhi, na sehemu nyingi za kusini yanashuka kwa kasi zaidi kuliko yanavyorudi. Kabla maji hayo hayajaanza kuvutwa kwa wingi, miaka ya 1930, udongo wenyewe uliolimwa ulipeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku.

Zaidi ya North Platte ni vilima vya mchanga vilivyovikwa nyasi. Mwaka 1904 bunge lilikiri kosa na kuruhusu ekari 640 kwa familia huku, lakini hata hizo hazikuwashikilia wengi. Wilaya ya Arthur tuliyopita ina wakazi wasiofika 500. Tuliona vinu vya upepo vikivuta maji ya ng'ombe, seng'enge maili kwa maili, na shule iliyogeuzwa stoo. Mdogo wangu aliniuliza kwa nini nimekaa kimya. Nilikuwa namfikiria Theodore Roosevelt. Ujanani alifuga ng'ombe Dakota, na mwaka 1909, alipotoka tu urais, alishuka Mombasa, akapanda garimoshi, na katika kitabu chake cha safari akazilinganisha nyanda za juu za Kenya na magharibi ya Marekani aliyoijua. Alizisifu kuwa nchi ya Mzungu kuhamia. Macho yaliyozoea kuona nchi tupu mahali penye watu yalisafiri pamoja naye.

Siku ya tatu tukaingia South Dakota, Pine Ridge, nchi ya Walakota wa Oglala. Mpakani, upande wa Nebraska, kuna kijiji cha Whiteclay, ambako maduka manne yaliuza bia kwa mamilioni ya makopo kila mwaka kwa watu wa eneo ambalo pombe imepigwa marufuku. Yalifungwa mwaka 2017. Tulipita milango yake bila kusimama.

Nilijaribu kuhesabu maili, nikashindwa. Barabara ya Wounded Knee inafuata kijito, inapinda kinapopinda, inapanda panapopanda. Kwa mara ya kwanza tangu Lincoln nilijiona niko katika nchi inayosema yenyewe.

Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia Walakota eneo kubwa, pamoja na vilima vyao vitakatifu, Black Hills. Mwaka 1874 msafara wa kijeshi ulioongozwa na Custer ukatangaza dhahabu humo, na mwaka 1877 bunge likavichukua vilima. Mwaka 1889 nchi iliyobaki ikakatwa vipande na ekari kama milioni 9 zikafunguliwa kwa walowezi. Tarehe 29 Desemba 1890, askari wa kikosi cha saba cha farasi waliizunguka kambi ya chifu Spotted Elk kando ya kijito hiki cha Wounded Knee, wakawa wanawanyang'anya bunduki, risasi zikaanza. Wanakadiriwa kuuawa watu kati ya 250 na 300, wengi wao wanawake na watoto. Walizikwa katika handaki moja juu ya kilima kile kile ambako mizinga ilikuwa imesimamishwa. Leo kaburi lina uzio mdogo wa waya, umefungwa vitambaa vyekundu, vya manjano, vyeusi na vyeupe. Upepo haukutulia hata kidogo tulipokuwa pale.

Chini ya kilima mzee mmoja aliuza mikufu ya shanga juu ya boneti ya gari. Tulinunua miwili. Alipojua mimi naandika, akaanza kuzungumza juu ya ardhi kabla sijamwuliza. Sheria ya Dawes ya 1887 ilivunja ardhi ya pamoja ya Wenyeji na kuwagawia wakuu wa kaya ekari 160 kila mmoja. Namba ile ile. Iliyobaki iliuzwa. Ardhi ya Wenyeji nchini kote ikashuka kutoka ekari milioni 138 hadi milioni 48 mwaka 1934. Hata zile zilizogawiwa ziliwekwa chini ya udhamini wa serikali, na mwenye nazo akifa haki hugawanyika kwa warithi kwenye karatasi bila shamba lenyewe kukatwa.

"Shamba la babu yangu lina wenyewe zaidi ya 200," alisema. "Siwezi kujenga bila wenzangu, na wenzangu wengine siwajui. Mfugaji anakodisha. Hundi yangu haijazi tangi la gari."

Nilimwambia kwamba kwetu pia kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi migomba inahesabika. Akacheka. "Lakini wewe unaweza kusimama kwenye migomba yako?" Naweza. Akanyoosha kidole mashariki, kisha magharibi. "Mimi niko kila mahali kwenye shamba lile, na sina pa kusimama."

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza kuhusu fedha. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Black Hills zilichukuliwa bila malipo halali, na Walakota walipwe zaidi ya dola milioni 100. Walikataa. Fedha zimekaa kwenye akaunti ya serikali zikizaa, na sasa zimepita dola bilioni moja, katika eneo ambalo ni miongoni mwa maskini kabisa nchini humo.

"Mzee, hamjutii?" alimwuliza, kwa upole aliouzoea kwa wazee wake wa kazini.

"Ukipokea hela, umeuza," alisema, akiokota mkufu ulioangushwa na upepo. "Sisi hatujauza."

Tulirudi Lincoln siku iliyofuata, usiku. Kwa saa nyingi hatukuzungumza sana. Mkufu ulining'inia kwenye kioo cha gari. Nilikuwa nalitafuta neno la Kiswahili kwa kile nilichokisikia, kitu ambacho hakikutolewa bure wala hakikupotea bure, nikalikosa. Tulipokaribia, njia za changarawe zilianza tena kukatiza kwenye mwanga wa taa, moja, nyingine, nyingine.

"Umefika ngapi?" aliniuliza.

"Nimepoteza hesabu tangu jana."

Mbele yetu, pasipo mto wala kilima, barabara ilikata upande. Mguu wake ulikuwa umeshagusa breki.